Kibiti na Rufiji: Mchungwa, Joto na Mdudu Mgeni

NDUGU msomaji, safari ya Jumapili hii si ya mbali. Shika barabara ya Kilwa kutoka Dar es Salaam. Ipite Mbagala na Kongowe, ipite Vikindu, uache Mkuranga nyuma yako. Na ukishapita Kimanzichana na Jaribu Mpakani utakuwa umekwisha ingia katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Hapo barabara hupanda na kushuka taratibu juu ya ardhi ya mchanga. Pande zote mbili mikorosho, minazi na miembe husimama juu ya mihogo kama wazee wanaolinda watoto. Katikati yake utaona miti mifupi zaidi, yenye majani mazito ya kijani kilichokolea. Hiyo ndiyo michungwa, na hiyo ndiyo iliyotuleta.

Msimu unapowadia machungwa hupangwa kwa mafungu kando ya barabara, au hutiwa katika viroba yakangojea lori la kwenda mjini. Mpita njia huona tunda la kukata kiu. Mwenyeji huona karo ya mtoto, bati la nyumba, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Mchungwa ni mti wa subira. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, na ukitunzwa vema huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Apandaye leo hupanda kwa ajili yake na kwa ajili ya wajukuu.

Kwa sababu hiyo jambo lolote linalotishia mchungwa halitishii mavuno ya mwaka mmoja tu. Latishia urithi. Na tishio hilo lipo. Lina mabawa, na urefu wake ni milimita tatu hadi nne.

NCHI MBILI KATIKA WILAYA MOJA

Kabla hatujamtazama mdudu huyo, yafaa tuijue nchi yenyewe. Mto Rufiji huanzia pale Kilombero inapokutana na Luwegu, huongezewa maji na Ruaha Mkuu, kisha hushuka mpaka baharini ukigawanyika katika mikono mingi mkabala wa kisiwa cha Mafia. Delta hiyo ina mikoko ya kiasi cha hekta 50,000, na hakuna msitu mwingine wa mikoko ulio mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki unaoukaribia kwa ukubwa. Ndani ya mikono hiyo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha tangu mwaka 1914 hadi ilipoangamizwa mwezi Julai 1915. Anayetaka kuiona delta huchepuka Bungu akaishika njia ya Nyamisati, bandari ndogo ambako vyombo hung'oa nanga kwenda Mafia.

Huko chini maji ndiyo yanayotawala. Mkulima wa delta hupanda mpunga akipima chumvi na kujaa kwa bahari. Juu kidogo, katika bonde, mwenzake hungoja mafuriko yapungue apate kulima mlau katika udongo ulioachwa na unyevu, na hukaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akiyalinda mazao yake dhidi ya ndege na nguruwe. Ni kilimo cha watu hodari, lakini ni kilimo cha msimu. Mchungwa hauwezi kuishi hapo, kwa kuwa mizizi yake haivumilii kukaa majini wala kunywa chumvi.

Mafuriko ya mwaka 1968 yaliifanya Serikali kuendesha ile Operesheni Rufiji, ambamo wakazi wengi wa bonde walihamishiwa katika vijiji vya sehemu za juu. Wapo waliolalamika, kwani rutuba ilibaki chini na makazi yakawa juu. Mafuriko makubwa ya mwezi Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, yalitukumbusha tena kwa nini watu wa huku wana nyoyo mbili kuhusu mto wao. Kwa namna hiyo nchi ya juu, yenye mchanga usio na rutuba nyingi, ndiyo benki ya familia. Huko ndiko mtu anakoweza kupanda mti wa miaka, akijua kwamba maji hayatamfuata. Mpunga hulisha, korosho, nazi, embe na chungwa huleta fedha.

Sasa, ndugu msomaji, iwapo mafuriko hayaufikii mchungwa, ni nini kinachoufikia?

UKOO WA MCHUNGWA NA MARADHI YAKE

Pwani yetu inaujua ukoo huu kwa majina mengi: chungwa, chenza, danzi, balungi, ndimu, limau. Asili yake ni mbali, chini ya milima ya Himalaya, kati ya India ya mashariki, Myanmar na China ya kusini. Miti hiyo ilikuja kwa njia za biashara na mazoea ya watu. Wadudu na maradhi yake nayo yamesafiri kwa njia zizo hizo, mengine yakichelewa karne kadhaa.

Wadudu wanaoishambulia michungwa yetu wako wa aina mbili. Wa kwanza hula na kuharibu tu. Katika hao yumo nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye alionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya na Tanzania mwaka 2003 na katika muda mfupi akaenea sehemu kubwa ya Afrika, akitoboa embe na machungwa na kutaga mayai ndani. Hasara yake ni kubwa, lakini tunda likioza mti hubaki mzima.

Aina ya pili ni ya hatari zaidi. Hawa ni wadudu wafyonzao utomvu, ambao hubeba vijidudu vya maradhi kutoka mti mgonjwa na kuvipanda katika mti mzima, mfano wa mbu na malaria. Kidukari mweusi wa michungwa ni mmoja wao. Hueneza kirusi cha ugonjwa uitwao tristeza, neno la Kireno na Kihispania lenye maana ya huzuni. Kuanzia miaka ya 1930 ugonjwa huo uliua mamilioni ya miti katika Argentina na Brazil, hasa miti iliyobebeshwa juu ya shina la mdanzi. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wataalamu kusisitiza kwamba shina la kubebeshea lichaguliwe kwa uangalifu, na kwamba mdanzi haufai kazi hiyo mahali palipo na kirusi hicho.

Lakini ugonjwa unaowanyima usingizi wataalamu wa dunia nzima leo ni mwingine. Wachina huuita huanglongbing, yaani ugonjwa wa chipukizi la manjano. Nchi nyingi huujua kama ugonjwa wa chungwa kubaki kijani.

JOTO LILIPOKUWA NGOME

Ugonjwa huo husababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya mishipa ipitishayo chakula cha mti, chini ya gome. Huiziba mishipa hiyo. Majani hutengeneza chakula lakini hakishuki. Mizizi hufa njaa ilhali majani yamejaa wanga. Mti hukonda kama mtu mwenye ghala lililojaa na mlango uliofungwa.

Bakteria hao wana makabila. Kabila la Afrika huenezwa na mdudu wa hapa hapa kwetu, silidi wa Afrika, ambaye jina lake la kitaalamu ni Trioza erytreae, kwa kuwa alielezwa na wanasayansi kutoka Eritrea mwaka 1918. Afrika ya Kusini iliziona dalili za ugonjwa tangu miaka ya 1920, ikadhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni upungufu wa madini katika udongo. Ilikuwa mwaka 1965 ndipo watafiti wa nchi hiyo walipothibitisha kwamba mdudu huyo ndiye mwenezaji. Kwa upande wa Tanzania, kuwapo kwa ugonjwa kulitangazwa katika majarida ya sayansi mwaka 1992.

Silidi wa Afrika, hata hivyo, ana udhaifu mmoja mkubwa: hapendi joto. Mayai yake na watoto wake wachanga hufa hewa inapokuwa kavu na joto likazidi nyuzi 32. Bakteria anaowabeba nao hupungua nguvu katika joto. Ndiyo maana maskani yake ni nchi za milimani zenye baridi, mfano wa Usambara na vilima vya Kenya, na ndiyo maana mkulima wa pwani aliishi salama. Jua lile lile la Kibiti linalomtoa jasho shambani lilikuwa ngome ya mchungwa wake.

Kabila la Asia halikubali ngome hiyo. Bakteria wake hustahimili joto, na mwenezaji wake, silidi wa Asia aitwaye Diaphorina citri, hustawi katika nchi za tambarare zenye joto, yaani nchi kama hii tunayopita. Mwaka 2010 wanasayansi walichapisha habari kwamba bakteria wa Asia amepatikana Ethiopia. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya kwanza ya kupatikana kwa silidi wa Asia katika Afrika Mashariki, na aliyepatikana alikuwa Tanzania. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kenya. Mwaka 2019 ikajulikana kwamba huko Ethiopia hata yule silidi wa Afrika ameonekana akiwa amebeba bakteria wa Asia. Na mwaka 2020 bakteria huyo akathibitishwa katika michungwa ya Kwale, pwani ya Kenya, pasipokuwa mbali na mpaka wetu.

Tafakari maana yake, msomaji. Kwale na Kibiti ni pwani moja, joto lao ni moja, na kati yao ziko Tanga na Muheza, makao makuu ya chungwa la Tanzania. Mwenezaji yumo nchini. Ngome ya joto haipo tena.

YALIYOWAPATA WENGINE

Pengine utasema haya ni maneno ya kutishana. Basi tutazame nchi iliyokuwa na fedha, maabara na mashine za kila namna. Katika jimbo la Florida, Marekani, silidi wa Asia alionekana mwaka 1998. Watu walimwona ni mdudu mdogo asiye na madhara makubwa. Ugonjwa ukagunduliwa mwaka 2005. Katika msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilikuwa limevuna masanduku milioni 242 ya machungwa, kila sanduku likiwa na uzito wa kilo 40 na ushei. Katika msimu wa 2022/23 lilivuna masanduku yasiyofika milioni 16. Vimbunga na ujenzi wa nyumba vilichangia anguko hilo, lakini ugonjwa ndio uliokuwa mkono mkuu.

Kati ya mwaka 1998 na mwaka 2005 ipo miaka saba. Katika miaka hiyo mdudu alikuwa anaonekana na ugonjwa haujaonekana. Huo ndio muda ambao mtu huweza kufanya jambo la maana kwa gharama ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Si haki pia kudhani kwamba ni sisi tu tunaopokea balaa kutoka kwa wengine. Silidi wetu wa Afrika naye amesafiri: alifika Madeira mwaka 1994, na katika miaka ya 2014 na 2015 akaonekana katika Hispania na Ureno za bara. Mdudu hana pasipoti. Husafiri kwa mabawa yake mwendo mfupi, na husafiri kwa mikono ya binadamu mwendo mrefu.

KUUTAMBUA UGONJWA SHAMBANI

Tumefika Kibiti mjini. Tukiomba ruhusa kwa mwenyeji na kuingia shambani, tutazame nini?

Tuanze na machipukizi. Silidi wa Asia hutaga mayai katika machipukizi laini tu, na jike mmoja huweza kutaga mayai mia kadhaa katika maisha yake. Akitua, huinamisha kichwa na kuinua mgongo juu, kama mtu anayesujudu. Mkao huo humtambulisha hata kwa asiyejua wadudu. Watoto wake hutoa nyuzi nyeupe za nta zilizojikunja. Yule wa Afrika hutambulika kwa vishimo anavyoacha chini ya jani, ambavyo upande wa juu huonekana kama vipele.

Kisha tutazame majani. Njano ya njaa ya madini hulingana pande zote mbili za uti wa jani, kana kwamba imechorwa kwa kipimo. Njano ya ugonjwa huu haina mpango: upande mmoja una doa, upande wa pili hauna, au doa limekaa pengine. Wataalamu hukunja jani kwa urefu wake na kulinganisha nusu mbili. Zisipofanana, shaka huanza.

Mwisho tulikate tunda. Chungwa la mti mgonjwa huwa dogo na limepinda upande. Mbegu zake ni nyeusi zilizosinyaa, na ladha yake ina uchungu. Kwa kawaida chungwa huanza kubadilika rangi kutoka chini kwenda kwenye kikonyo. Chungwa gonjwa huanza kinyume, kwenye kikonyo, na sehemu ya chini hubaki kijani.

Hata hivyo macho peke yake hayatoshi kuhukumu. Mti huweza kubeba ugonjwa kwa miezi mingi, hata miaka, pasipo dalili, huku wadudu wakichota humo na kupeleka kwa majirani. Kwa hiyo watafiti hufanya kazi ya taratibu. Hugonga tawi kwa fimbo mara kadhaa juu ya karatasi nyeupe na kuhesabu wadudu walioanguka. Hutundika kadi za manjano zenye gundi, kwa kuwa silidi huvutwa na rangi hiyo. Wadudu na vipande vya majani hutiwa katika vichupa vyenye spiriti na kupelekwa maabara, ambako vinasaba vya bakteria husomwa. Kazi ya namna hii imefanywa katika ukanda wetu na wataalamu wa Tanzania pamoja na wale wa kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 kwa juhudi za mwanasayansi wa Kenya, Profesa Thomas Odhiambo, aliyeamini kwamba matatizo ya wadudu wa Afrika yatatuliwe na Waafrika katika ardhi ya Afrika.

MPERA, MAJI MOTO NA NYIGU MDOGO

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya mti. Yeyote atakayekuuzia chupa ya kutibu, mwambie asante na uendelee na safari. Lakini ukosefu wa tiba hauna maana ya ukosefu wa kinga.

Katika delta nyingine, ile ya mto Mekong huko Vietnam, wakulima waliokuwa wamepanda mipera katikati ya michungwa waligundua kwamba silidi walipungua. Watafiti walipofuatilia wakaona kwamba harufu ya majani ya mpera humchanganya mdudu anapotafuta mchungwa. Kinga hiyo si kamili, na mpera una ubaya wake, kwani mapera yakiachwa yaoze huwa nyumba ya nzi wa matunda. Anayetaka kujaribu sharti aokote matunda yaliyoanguka na kuyafukia kwa kina, au kuyafunga katika mfuko mweusi juani.

Kisiwani Réunion, katika bahari hii hii ya Hindi, silidi wote wawili walikuwapo. Katika miaka ya 1970 waliletwa nyigu wadogo mno wasiomuuma mtu, wanaotaga mayai yao juu ya watoto wa silidi. Mmoja alitoka Afrika ya Kusini kwa ajili ya silidi wa Afrika, na mwingine India kwa ajili ya yule wa Asia. Silidi wa Afrika akatoweka kabisa kisiwani, na mwenzake akapungua sana. Huo ni ushahidi kwamba rafiki wa mkulima naye huweza kuwa mdudu.

Na rafiki mwingine twamjua sote, japo kwa maumivu. Ni maji moto, yule chungu mwekundu ashonaye majani kuwa viota na kumuuma mvunaji bila huruma. China ya kusini ndugu yake amekuwa akitunzwa katika michungwa kwa zaidi ya miaka 1,600. Maandishi ya karne ya nne yaeleza jinsi viota vyake vilivyouzwa sokoni. Katika pwani yetu wataalamu wamemchunguza tangu enzi za minazi ya Zanzibar katika miaka ya 1950, na baadaye katika mikorosho na miembe ya Bara, ikiwamo Mkuranga. Huwala wadudu wengi waharibifu na kuwafukuza wengine. Ila hulinda pia baadhi ya wadudu wafyonzao, akitaka utamu wao. Huyo ni askari mzuri mwenye tabia zake, wala hatoshi kuachiwa vita peke yake.

Jambo moja huwaunganisha marafiki hao wote watatu: dawa kali inayopulizwa ovyo huwaua kabla haijammaliza adui. Anayepuliza kila juma kwa mazoea huvunja jeshi lake mwenyewe.

MZIGO KATIKA BUTI LA BASI

Lakini njia kuu ya ugonjwa, ndugu msomaji, ni mche. Ugonjwa huu hupita katika kikonyo cha kubebeshea kama unavyopita katika mdomo wa mdudu. Mwanasayansi wa China, Lin Kongxiang, alilithibitisha hilo mwaka 1956. Kikonyo kimoja kutoka mti mgonjwa usioonyesha dalili huzaa mche mgonjwa. Mama mmoja mgonjwa katika kitalu huzaa shamba zima la wagonjwa.

Ni kawaida yetu Watanzania kuondoka safari na zawadi ya mche. Ndugu ametembelea Muheza au Mombasa, ameonja chungwa tamu, ameomba mche miwili. Imefungwa katika gunia, ikatiwa katika buti la basi au kupakiwa chomboni kwenda ng'ambo ya maji. Nia ni njema. Lakini yai la silidi ni dogo mno kuonekana kwa macho tu, na bakteria haonekani kabisa. Onyo hilo lahusu pia mti wa majani ya mchuzi, ule ambao Wahindi huuita kari pata, na ua la yasimini ya chungwa lipandwalo bustanini, kwa sababu yote miwili ni ya ukoo wa mchungwa na humlisha silidi wa Asia.

Basi yafaa miche ya michungwa inunuliwe katika vitalu vinavyokaguliwa, vyenye miti mama iliyopimwa na nyavu za kuzuia wadudu. Mche wa namna hiyo huuzwa ghali kuliko ule wa kando ya njia, na hapo ndipo kazi ya vyombo vyetu ilipo. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Tunayo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo. Tunacho Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Elimu ipo. Linalotakiwa ni kuifikisha elimu hiyo, pamoja na mche safi wenye bei ya kuwezekana, mpaka kijijini Mjawa na Mtawanya, kabla mkulima hajaamua kwa mfuko wake mtupu.

JAMBO GUMU KULIKO YOTE

Nimeliacha hili la mwisho kwa kuwa ndilo zito. Palipo na ugonjwa, kanuni ya wataalamu kote duniani ni moja: mti uliothibitika kuwa mgonjwa ung'olewe. Tatizo ni kwamba mti huo mara nyingi ungali unazaa. Mti mchanga ukipatwa huenda usizae kamwe. Ulio mkubwa huendelea kupungua kwa miaka kadhaa kabla ya kufa. Wamwendea mjane mwenye michungwa ishirini na kumwambia aukate ule unaolipa karo ya mwaka huu, ili kuiokoa ya jirani kwa miaka ijayo. Je, ni nani mwenye haki ya kumwambia hivyo, naye amemletea nini mkononi?

Mimi naona jibu ni moja. Haki hiyo hupatikana pale tu ambapo kijiji kizima kimekaa kitako, kikaelezwa kwa lugha ya wazi, kikakubaliana kwamba watakata wote wanaostahili kukata, na kwamba anayekata hatabaki mikono mitupu: atapewa mche safi, na atasaidiwa mpaka ufike umri wa kuzaa. Mkulima mmoja akikata na jirani akaacha, amejipa hasara ya bure, kwani silidi haujui mpaka wa shamba. Mkulima akilazimishwa bila kuelezwa, atauficha mti, na mti uliofichwa ni hatari kuliko ulio wazi. Rufiji inajua vizuri tofauti kati ya kuhamishwa na kukubaliana kuhama.

Pia watu wa delta wametufundisha jinsi ya kuishi na adui asiyeshindwa kabisa. Hawakuukomesha mto; walijifunza kusoma dalili zake, wakajenga madungu, wakapanda kwa wakati. Mchungwa nao unahitaji jicho la namna hiyo: jicho la mtoto wa shule aliyefundishwa kumtambua mdudu anayeinua mgongo, la mama anayelikunja jani kabla ya kulitupa, la bwana shamba anayepewa nauli ya kufika shambani.

Na wewe, msomaji uliye mjini, una sehemu yako. Utakaporudi kwa barabara ile ile, simamisha gari Bungu au Jaribu, nunua machungwa kadiri ya uwezo wako, ukiwaachia wenyeji bei ya haki. Tunda lililooshwa, lisilo na majani wala kitawi, libebe popote. Mche usijekuubeba. Ukiombwa uupakie katika gari lako, kataa kwa adabu, na umweleze muombaji sababu.